Sura Ishirini na Sita za Lodi Palmerston

Barua iliyomletea Lusajo habari ya msiba ilichukua siku ishirini na mbili kutoka Tukuyu hadi Guangzhou. Aliipokea Jumatatu ya tarehe kumi na mbili Mei, mwaka 1997, kwenye dirisha la ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Aliutambua mwandiko wa kaka yake mkubwa, akaifungua papo hapo kwa kuwa alikuwa anawahi chakula cha mchana. Kaka aliandika kwamba mtoto, Tusajigwe, alianza homa Alhamisi. Ijumaa walimpeleka hospitali, akapewa dawa, akachangamka. Jumapili alfajiri degedege likamchukua. Walimzika Jumatatu, kando ya babu yake. "Sia yuko hapa kwa mama," kaka alimalizia. "Jikaze, mdogo wangu. Maliza kilichokupeleka huko."

Lusajo aliikunja barua, akaitia mfuko wa shati, akaenda kantini. Alikula wali na samaki, akamaliza. Akangoja zamu yake kwenye bomba la nje nyuma ya vijana wawili waliokuwa wakibishana mambo ya mpira, akaosha bakuli lake, kisha akapanda ngazi kwenda karakana ya kuchapia picha. Akavaa aproni, akaendelea kuchonga sharafa za Lodi Palmerston, ndevu za mashavuni za waziri wa kale wa Kiingereza, pale alipoziachia saa tano.

Alikuwa na miaka thelathini na minne. Nyumbani alikuwa mwalimu wa sanaa katika chuo cha ualimu huko Mbeya, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi, ambaye kila mahafali na kila Mei Mosi wenzake walimtwisha mabango yote. Agosti 1993 alipata ufadhili wa kwenda China kujifunza kuchonga picha kwenye mbao na kuzichapa. Mkewe Sia, Mchaga wa Kibosho aliyekuwa akiuza nguo soko la Mwanjelwa, alikuwa na mimba ya miezi minne. Walikubaliana aende. Tikiti ya ufadhili ilikuwa ya kwenda mara moja na kurudi mara moja, kwa hiyo mtoto alizaliwa Januari bila yeye, akaota meno bila yeye, akatembea, akasema. Jina la Tusajigwe yeye ndiye aliyelitoa, kwa barua. Cha mtoto huyo alichokuwa nacho mkononi ni picha moja ya studio, ya umri wa miezi minane: gauni la lesi, soksi nyeupe, macho yamemtoka kama mtu aliyeitwa polisi.

Alingoja kilio kije. Wiki ya kwanza alidhani ni mshtuko, kwamba kiko njiani. Akawa anajitenga kidogo baada ya kazi ili kikija kimkute mahali pa staha. Hakikuja. Alilala vizuri, alikula vizuri, alipiga pasi mashati yake. Aliyelala naye chumba kimoja, Rotich, Mkenya wa Eldoret aliyekuwa anasomea kilimo, aliiona bahasha yenye stempu za Tanzania juu ya meza, akauliza, "Wako fiti nyumbani?"

"Wazima," Lusajo alijibu.

Neno lilitoka lenyewe. Kesho yake ikawa vigumu kulirudisha, na wiki iliyofuata ikawa haiwezekani. Basi akakaa hivyo, na hakuna mtu hata mmoja Guangzhou aliyejua kwamba yule Mtanzania mrefu wa karakana ya picha amefiwa.

Ile kazi ya Lodi alikuwa ameianza kabla ya barua. Mwaka huo Hong Kong ilikuwa inarudishwa kwa China, na jumba moja la makumbusho mjini lilikuwa linaandaa maonyesho juu ya vita vya kasumba, yaani afyuni, vilivyowapa Waingereza Hong Kong. Mkusanyaji mmoja wa Hong Kong alikubali kuazimisha picha zake za kale za Kiingereza, lakini kwa wiki chache tu. Kwa hiyo chuo kikaombwa wanafunzi wazinakili kwa kuzichonga, ili zitakaporudishwa zibaki nakala za kutundika. Siku ya kugawana kazi wenzake waligombea meli za vita, wakagombea maofisa wa Kichina na mavazi yao yenye ndege na mawimbi. Waziri wa Kiingereza akabaki mezani peke yake.

Mwalimu Liang, mama wa miaka sitini mwenye nywele fupi na vidole vilivyojaa makovu ya visu, alimtazama Lusajo juu ya miwani. Alimwita Xiao Lu, yaani Lu mdogo, ingawa Lusajo alimzidi kimo kwa kichwa kizima.

"Xiao Lu, wewe ni mgeni. Mchukue mgeni mwenzako."

Darasa likacheka, naye akamchukua.

Kwa ufupi, Lodi Palmerston alikuwa mtoto wa ukoo mkubwa aliyerithi cheo akiwa bado kijana mdogo, akakaa serikalini miaka na miaka hadi uzee wake wote. Alikuwa waziri wa mambo ya nje wakati meli za Kiingereza zilipokuja mara ya kwanza kupigana kwa ajili ya kasumba. Alikuwa waziri mkuu wakati Guangzhou yenyewe ilipopigwa mizinga. Picha zake zilikuwa ishirini na sita. Kumi na nne zilikuwa za heshima, za kutundikwa ukumbini: kijana mzuri mwenye nywele za mawimbi, kisha waziri aliyeshika karatasi, kisha mzee kitini na pazia zito nyuma yake. Kumi na mbili zilikuwa katuni za magazeti ya London. Humo Lodi alikuwa amesimama miguu kapanua kama mtunza farasi, kofia kaivuta upande, unyasi mdomoni. Kwingine alikuwa nyuma ya mabondia, kashika chupa ya maji, akingoja kuona nani ataanguka.

Picha ya kuchonga huchongwa kinyume. Kushoto kwa mtu huwa kulia kwenye ubao, na mchongaji hukaa na uso huo uliogeuzwa miezi mizima, kunyanzi kwa kunyanzi. Lusajo alikaa na Lodi Mei yote na Juni yote. Alijua nyusi ya upande gani inaanza kushuka mtu akifika miaka hamsini. Alijua pua ilivyonenepa na midomo ilivyokwisha. Wenzake walipokusanyika mbele ya televisheni kuangalia bendera zikibadilishwa Hong Kong, wakipiga makofi hadi madirisha yakatetema, yeye alikuwa bafuni anafua shuka. Alizisikia kelele. Akasuuza, akakamua, akaanika.

Septemba masomo yalipofunguliwa Mwalimu Liang alizipanga nakala zote kwenye meza ndefu, akazipitia mikono nyuma. Alichukua muda.

"Hizi kumi na nne," alisema, "sina la kusema. Zipelekwe." Akasogea upande wa katuni. "Hizi zimekufa."

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Hujakosea. Kila mstari upo mahali pake." Aligonga kwa kucha ile ya unyasi mdomoni. "Aliyemchora huyu alikuwa anamcheka. Pengine alikuwa anamchukia, pengine alikuwa anampenda, sijui. Wewe umemchonga kama mtu anayenakili kitabu cha simu. Una tatizo, Xiao Lu?"

"Sina, Mwalimu."

"Unalala?"

"Nalala vizuri."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akavua miwani na kuifuta kwa kona ya koti. "Nakupa hadi mwisho wa Novemba. Zirudie zote kumi na mbili."

Akazirudia. Alichonga ile ya unyasi mara nne. Mara ya pili alirefusha pua, mara ya tatu akatia tumbo, mara ya nne akarudi kwenye asili. Kila alipoinua karatasi kutoka kwenye ubao wenye wino alikuta mtu mwenye unyasi mdomoni, basi. Hakuona cha kuchekesha na hakuona cha kuudhi. Alizibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, zikakauka hapo, safu nzima.

Katikati ya Oktoba aliitwa kwenye simu ya ofisi. Sauti ya mwanamke, ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za forodhani, ilimwambia: "Shemeji, mimi Mwatima wa Kariakoo. Kesho saa nane mchana uwe uwanja wa ndege. Nakuja na mkeo."

Mwatima alikuwa Mdigo wa Tanga mwenye duka Dar es Salaam. Alishafuata nguo Dubai, akafuata Bangkok, na sasa alikuwa amekuja Guangzhou mara mbili. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Sia mzigo wa Mwanjelwa. Baada ya matanga alisafiri hadi Tukuyu, akamkuta Sia amekaa jikoni kwa mama mkwe wake, haendi popote, akamwambia akatafute pasi ya kusafiria.

Pale Baiyun, uwanja wa ndege, abiria walitoka kwa mafungu. Lusajo alimtambua Mwatima kwanza, kwa buibui lake na toroli alilolisukuma kama anaingia vitani. Nyuma yake alikuja mwanamke mwembamba mwenye sweta la kijivu. Ilimchukua muda kidogo kuelewa ni Sia. Hakuwa amemwona kwa miaka minne na miezi miwili.

"Baba Tusa," Sia alisema.

Jina hilo alikuwa amelisoma kwenye barua nyingi. Hakuwahi kulisikia likitamkwa. Lilipita masikioni mwake kama jina la mtu mwingine, akageuka kidogo, kama vile nyuma yake amesimama huyo anayeitwa.

"Mmefika salama?" alisema.

"Tumefika salama."

Wakashikana mikono. Akachukua begi. Ndani ya teksi walizungumza habari za ndege, na chakula cha ndege, na jinsi hewa ya hapa ilivyo nzito, hadi Mwatima aliyekaa mbele akaegemeza kichwa dirishani na kujifanya amelala.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa za kazi. Walikwenda Xintang, kwenye karakana za jinzi, ambako barabara nzima ilinuka rangi ya buluu na maji ya mferejini yalikuwa meusi. Lusajo alikuwa mkalimani. Mwatima alikuwa na maneno yake mwenyewe ya Kichina, machache lakini ya kutosha. Alimwita kila mwenye karakana "laoban," bosi, akamtania, akamkasirikia, akamgeuzia mgongo, akarudi. Alipojibiwa "meiyou," hamna, aliinua rundo la juu akaonyesha kwamba ipo. Sia alihesabu, akakagua mishono, akaandika. Alikuwa hodari. Ungemwona usingejua lolote.

Katika karakana ya tatu palikuwa na rafu ya suruali za watoto. Sia alichukua moja, akaiweka juu ya paja lake, akainyoosha kwa kiganja kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Ilifika gotini. Akaiangalia. Kisha akaikunja mara mbili, vizuri, akairudisha juu ya nyingine.

"Anasema hizo zina bei nzuri ukichukua nyingi," Lusajo alisema, kwa kuwa ndivyo laoban alivyokuwa amesema.

"Mwambie za watoto sichukui," Sia alijibu.

Akamwambia.

Jumamosi aliwakaribisha chai chumbani kwake. Rotich alikuwapo, amesafisha, amefungua dirisha, amefurahi kuwaona akina mama kutoka nyumbani. Mwatima alipoketi tu, kabla hata ya kikombe, alimgeukia: "Na wewe baba, poleni. Poleni sana na msiba. Mmemshikilia ndugu yenu."

"Msiba gani?" Rotich akauliza.

Sia alimtazama mumewe. Lusajo alikuwa ameshika birika, na aliendelea kumimina chai hadi kikombe kikajaa, kwa kuwa hakuona jambo lingine la kufanya.

"Mtoto wetu alifariki," Sia alisema kwa utulivu. "Aprili."

Rotich alisimama. "Manze, Lusajo. Miezi mitano tunalala room moja. Nilikuuliza kama wako fiti."

"Uliniuliza."

"Ukasema wazima."

"Nilisema."

Rotich alichukua kofia yake, akatoka. Walidhani amekasirika, na kweli alikuwa amekasirika, lakini baada ya nusu saa alirudi na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, akaviweka mbele ya Sia kwa mikono miwili, kama inavyofanyika mahali penye matanga. Akavua kofia, akaomba. Ilikuwa sala ndefu, ya Kiswahili kisha ya Kikalenjin, na Mwatima kwa upande wake akafungua viganja akamsomea mtoto Fatiha. Sia alilia bila sauti. Lusajo aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyao, jozi nne, akaona kwamba cha Rotich kimoja kimeachia soli.

Jumapili Mwatima alisema miguu inamuuma, nendeni ninyi. Sia akataka kuona anakofanyia kazi. Karakana ilikuwa tupu. Jua la saa nne lilikuwa limeingia hadi kwenye meza za wino, na Lodi Palmerston alikuwa amening'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta.

Sia alipita taratibu chini ya kamba.

"Huyu mzee ni nani?"

Akamweleza. Sia alisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayetaja wakwe wa watu wengine. Alisimama mbele ya waziri mwenye karatasi, kisha mbele ya mzee kitini, kisha akasogea upande wa pili ambako fotokopi za katuni za asili zilikuwa zimebanwa ubaoni kwa ajili ya kunakiliwa. Akaangalia ile ya unyasi. Mdomo wake ukacheza kidogo.

"Kumbe ndiye huyu huyu?"

"Ndiye."

"Yule wa kwenye kiti simjui. Ningepishana naye nisimjue. Huyu," akasema akionyesha unyasi, "huyu ningemkamata Mwanjelwa akiniibia soksi."

Lusajo alitabasamu kwa adabu. Sia akageuka, akaegemea meza.

"Nichoree Tusa," akasema.

"Sia..."

"Una kalamu, una karatasi. Nichoree. Tuna ile picha moja tu, na ile si yeye. Siku ile alikuwa anamwogopa mpiga picha."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Simjui," akasema. "Sijui alifananaje."

Sia hakukasirika. Alivuta kiti cha kuchongea, akaketi karibu naye, akajifunga kitenge vizuri magotini kama mtu anayejiandaa kupepeta mchele.

"Nitakwambia," akasema.

Alianza na paji la uso. Lilikuwa pana, la bibi yake wa Tukuyu. Nyusi hazikuwepo, zilikuwa kivuli tu. Pua ya kwenu. Masikio ya kwetu, yametoka. Lusajo alichora kama alivyofundishwa, kwa mwanga na kivuli, uso wa mtoto unaokutazama. Sia aliangalia akatikisa kichwa. Akachora mwingine. "Huyu ni mtoto wa mtu," Sia alisema, "mtoto mzuri, lakini si wetu." Wa tatu alikuwa karibu zaidi, naye vilevile hakuwa yeye. Kalamu ilikuwa imeanza kumtoa jasho.

"Alikuwa anatembeaje?" akauliza, kwa kuchoka.

Sia akainuka. Akatupa tumbo mbele, akafunga mikono nyuma ya mgongo, akainua kidevu, akaenda hadi mlangoni na kurudi, hatua nzito fupi fupi, kama mwenyekiti wa kijiji anayekagua mashimo ya vyoo.

"Hivi. Anakwenda kwa kuku anawasema. Mnafanya nini hapa? Nani amewaita? Soksi moja imeshuka, siku zote ya kushoto. Na ulimi nje. Akiwa na jambo la maana ulimi unakaa nje, hapa pembeni."

Lusajo alichukua karatasi mpya. Hakuanza na uso safari hii. Alianza na tumbo, akalitia duara kubwa, kisha mgongo uliopinda nyuma kulibeba, kisha mikono midogo iliyoshikana. Kichwa akakifanya kikubwa kupita kiasi. Masikio akayafungua kama milango.

"Ongeza tumbo," Sia alisema.

Akaongeza.

"Ongeza."

Akaongeza. Akatia soksi moja chini ya kifundo, ulimi kwenye kona ya mdomo, na mbele yake kuku mmoja aliyeinama kwa woga.

Sia alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Sauti iliyotoka ilikuwa kicheko, na ikaendelea, na mahali fulani katikati ikageuka. Aliikumbatia karatasi ile kifuani hadi risasi ya kalamu ikapaka sweta lake. "Ndiye," alikuwa anasema. "Ndiye, ndiye. Ndiye huyu."

Lusajo alikaa na kalamu mkononi. Alimwonea wivu. Alimtazama yule mtoto pale juu ya kifua cha mama yake, sehemu iliyoonekana, sikio na nusu ya tumbo, kama unavyomtazama mgeni aliyetambulishwa kwako sasa hivi na hujapata la kumwambia. Baadaye, Sia alipotulia, aliuliza swali ambalo hakujua kwamba analo.

"Mimi alikuwa akiniitaje?"

"Baba wa Ukutani," Sia alisema. "Ile picha yako ya chuo, niliitundika sebuleni. Akila uji anakunyooshea kijiko. Kioo chote kilikuwa uji. Nilikuwa nafuta kila siku." Alivuta kamasi. "Sasa kisafi."

Sia na Mwatima waliondoka Jumatano. Mzigo wa jinzi ulikuwa umeshafungwa kwenda bandarini. Pale uwanjani Sia alimwachia mumewe sukari iliyobaki, akamshika shavu kwa kiganja, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mbele za watu, akaenda. Mchoro aliuchukua yeye. Lusajo hakuwa amejiwekea nakala.

Mwezi uliobaki aliutumia kwenye katuni. Hakuna muujiza uliotokea. Mkono ulikuwa ule ule, visu vile vile, na asubuhi nyingi aliamka akiwa mkavu kama alivyolala. Ila sasa kabla ya kugusa ubao alikuwa anasimama kwanza katikati ya karakana, anapanua miguu, anavuta kofia isiyokuwepo, anatembea hatua tano sita kama Lodi alivyochorwa. Wenzake walimwona wakacheka. Mwalimu Liang alipomwona hakucheka. Mwisho wa Novemba aliinua ile ya unyasi, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Sasa anaudhi," akasema. "Vizuri."

Maonyesho yalifunguliwa Desemba, siku ya baridi. Sura ishirini na sita zilitundikwa kwenye ukuta mmoja, heshima juu, katuni chini, na watu walivaa makoti wakapita wakinyoosha vidole. Wanafunzi waliombwa wasimame karibu na kazi zao wajibu maswali. Mzee mmoja mstaafu mwenye fimbo alikaa sana mbele ya ukuta wa Lusajo. Alimtazama kijana mwenye nywele za mawimbi, akashusha macho kwenye katuni, akayapandisha tena hadi kwa mzee wa kitini.

"Aliishi sana," mzee alisema.

"Ndiyo. Alikaribia miaka themanini na mmoja."

"Aliacha watoto?"

"Hakuacha mtoto wa kurithi cheo. Cheo kilikufa naye."

Mzee alitikisa kichwa, kwa namna ambayo Lusajo hakujua kama ni huruma au ni kuridhika. Kisha akamgeukia, kama wazee wa mji ule wanavyowauliza wageni bila kuzunguka. "Na wewe? Una watoto?"

Lusajo alikuwa na jibu tayari. Wapita njia walishamuuliza mara nyingi sokoni na kwenye mabasi, na jibu lake lilikuwa ndiyo, mmoja, wa kike. Aliliandaa mdomoni.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Alifariki mwaka huu. Alikuwa na miaka mitatu."

Aliyasema kwa Kichina, lugha aliyoanza kujifunza akiwa mtu mzima, na maneno yalikuwa mepesi, yale ya kitabu cha mwaka wa kwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema kwa lugha yoyote. Mzee alihamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Hakumpa pole. Aliuliza mtoto alikuwa anaitwa nani. Lusajo akamtajia, na mzee akajaribu kulitamka, akakwama katikati, akajaribu tena. Walikuwa bado wanalitengeneza, silabi kwa silabi, wakati kundi la wanafunzi wa sekondari lilipoingia na mwalimu wao na kuwasukuma wote wawili pembeni.

Lusajo alirudi nyumbani Julai iliyofuata na cheti chake, na sanduku la visu. Kaka yake alimpokea stendi ya Tukuyu kwenye ukungu na manyunyu, wakaenda moja kwa moja kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mama. Sia alitangulia. Kaburi lilikuwa fupi kuliko alivyodhani. Nyasi zilikuwa zimelipanda upande mmoja. Kaka alianza kusema jambo, kwamba walitaka kulijengea lakini mvua, na saruji, na Lusajo akamwambia hapana neno, akaomba jembe. Alipalilia pande zote nne, taratibu, akatoa mawe madogo kwa mkono. Mvua ilikuwa imemlowesha hadi kwenye mashati mawili aliyovaa. Alipomaliza alibaki amechuchumaa pale, jembe limelala, na mama yake alipoita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa, Sia alimjibu kwamba wasubiriwe kidogo.